Akina Debora

Tarehe 4 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Huku hatujambo, ukiondoa goti langu ambalo linajua kutabiri mvua kuliko redio. Wifi yako anakusalimu sana. Anasema sabuni ya vipande uliyotutumia imekwisha, na tangu iishe anajiona kama anafulia matope.

Mimi bado niko kwenye kile chumba changu nyuma ya maktaba, natia majalada vitabu vilivyochanika. Mwezi huu nimeletewa kamusi mbili, atlasi iliyopoteza bara zima, na kitabu cha hadithi ambacho kurasa zake za mwisho mtu amezichana. Wasomaji wote wa mji huu hawajui kiliishaje. Mimi ndiye ninayeulizwa, kana kwamba niliziweka mfukoni.

Sasa niseme la maana, maana nakujua, ukiona nazungukazunguka unaruka mistari. Wifi yako ni mjamzito. Huu ni mwezi wa tano. Tumekaa miaka tisa bila kuthubutu hata kununua kikombe kidogo, kwa hiyo mpaka sasa tunalizungumza kwa sauti ya chini, kama watu ambao mtoto wao ameshalala. Wifi yako anasema ni msichana. Nilimuuliza amejuaje, akanijibu, “Wewe kata karatasi zako.”

Akiwa msichana kweli, tunakuja kwako kuomba jina. Mama alitufundisha kwamba katika nyumba yetu jina haliokotwi, huombwa kwa mwenye nalo, na hili mwenye nalo ni wewe. Naomba tumwite Debora. Najua ni jina la mwanao, na najua tangu azikwe watu hawalitaji mbele yako. Ukikataa sitauliza sababu. Ukikubali, neno moja linatosha.

Mdogo wako,
Gundi


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu Gundi,

Marahaba. Barua yako niliisomea kazini, nikalazimika kukaa juu ya kapu la foronya. Nimefurahi. Sitaki uwe na shaka na hilo. Miaka tisa si mchezo. Mwambie wifi asinyanyue ndoo, asipande kiti kufunga mapazia, na akijisikia kula kitu cha ajabu wewe kakitafute, usimuulize maswali yako ya kisomi.

Hapa hotelini mashine kubwa ya kufulia imekufa tena, kwa hiyo sisi wote wa udobi tumerudi kwenye kufikicha kwa mikono. Yule mzee mpiga pasi anasema hajali, pasi yake haijawahi kumwangusha, aliyemwangusha ni mke wake wa kwanza. Anasema hivyo kila mwaka mashine ikiharibika, nasi tunacheka kila mwaka.

Kukausha hakuna taabu, taabu ni kukunja. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Mnashika ncha, mnavuta, mnaendeana mpaka mikono ikutane, mwenzako anakupa ncha zake, kisha anainama kuokota mkunjo wa chini. Tangu mwaka juzi mimi nafunga ncha mbili kwenye kitasa cha mlango. Msimamizi ameniambia mara tatu kwamba ataniletea mtu. Nimemwambia kitasa hakichelewi kazini.

Nimeanza kufuma soksi. Uzi ni wa manjano, ndio uliokuwepo.

Lile lingine ulilouliza nimelisoma.

Dada yako


Tarehe 28 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimemsomea wifi yako kwa sauti. Tulipofika mwisho akasema, “Hajasema hapana.” Nikamwambia wala hajasema ndiyo. Tukabaki tunatazamana kama watu waliosahau ufunguo ndani.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Ndani yake ni kijitabu, nimekitengeneza mwenyewe. Kwa wiki tatu kila kitabu kilichopita mezani kwangu nilikichungulia kabla sijakishona, natafuta wanawake walioitwa Debora. Wapo wengi kuliko nilivyodhani, tangu enzi za Waebrania wenye jina lao mpaka juzijuzi. Nimechagua wanne.

Wa kwanza ni yule mwamuzi wa kwenye Biblia, aliyekaa chini ya mtende watu wakimpelekea mashauri yao. Jemadari wake, mwanamume mzima, alimwambia wazi kwamba Debora asipokwenda vitani naye haendi. Wa pili alikuwa mfumaji wa nguo, karne mbili na zaidi zilizopita. Alivaa suruali, akajiandikisha jeshini kwa jina la kiume, na inasimuliwa kwamba alipopigwa risasi ya pajani aliichokonoa mwenyewe ili daktari asimgundue. Wa tatu alikuwa mke wa mchapaji mmoja maarufu. Mumewe alivuka bahari kwa shughuli za watu wake, na yeye bahari aliiogopa, basi akabaki. Waliandikiana barua miaka kumi. Alifariki mume hajarudi.

Wa nne nimemweka kwa kuwa habari zake ni fupi kuliko za wote. Alikuwa mlezi wa Rebeka. Biblia haituambii alipenda nini wala alisema nini. Inatuambia alikufa, akazikwa chini ya mwaloni, na mti ule ukapewa jina la kilio. Basi.

Nimewaandika kwa mwandiko wangu wa siku ya Jumapili, nikashona, nikatia jalada la ngozi iliyobaki kwenye kamusi, na jina juu kwa herufi za dhahabu. Nilitaka uone kwamba jina hili ni la wengi. Limepita mikononi mwa watu miaka maelfu na halijachakaa. Nilidhani ukiliona hivyo litakuwa jepesi kidogo kulibeba.

Wifi yako hajambo. Mtoto anapiga teke nikisoma kwa sauti. Wifi anasema ni kuchoka kusikiliza.

Mdogo wako,
Gundi


Tarehe 20 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Kifurushi kimefika salama. Mzee mpiga pasi alikinusa akasema ngozi hiyo ingetoa kiatu kizuri.

Nimekisoma mashine zikizunguka, nikakisoma tena nyumbani. Mwandiko wako umekuwa mzuri kuliko wa mwalimu wetu. Nilipomaliza nikafika kwenye kurasa tupu za mwisho, nikazigeuza moja moja mpaka jalada la nyuma. Yumo mwamuzi. Yumo askari, na mke wa mchapaji, na yule mlezi maskini. Wangu hayumo.

Juzi adhuhuri nilisinzia kwenye chumba cha kukaushia, mvuke ulinizidi. Nikaota niko katikati ya kamba, shuka zimeanikwa mpaka macho yanapokoma, na upepo unazijaza na kuziacha kama mtu anayepumua. Nikaita jina. Nyuma ya kila shuka mtu akageuka. Walikuwa na adabu sana. Mmoja alitoka na vumbi la mtende mabegani, mmoja anachechemea, mmoja ana barua mkononi, na nyuma yao bibi mzee aliyechoka. Wakaniuliza, “Umetuita?” Nikawaambia hapana, samahanini, nimekosea. Wakarudi nyuma ya shuka zao.

Umesema jina ni la wengi. Sawa. Basi waombe hao wengi.

Soksi zimekwisha. Nitazituma.

Dada yako


Tarehe 11 Juni

Dada,

Shikamoo. Wifi yako ni mzima, amekuwa mzito, viatu vyake navifunga mimi. Soksi zimefika. Amezitundika dirishani, kila anayepita anaziulizia.

Nimekukosea. Sitaki kujitetea, ila zile kurasa tupu naomba nizieleze. Fundi wa vitabu habakizi kurasa nne kwa bahati mbaya, karatasi ninazihesabu kabla sijashika sindano. Zilikuwa za mwanao. Nilikaa nazo Jumamosi nzima, kalamu mkononi. Nilitaka kuanza na jinsi alivyokuwa akicheka amefunga mdomo, mabega yakitikisika, mpaka mtu anadhani analia. Kisha nikajiuliza, nani amenipa ruhusa? Ni mimi niliyefika siku ya tatu ya msiba, udongo wa kaburi umeshakauka. Wewe hukuwahi kunilaumu kwa hilo. Ungenilaumu, ningepata pa kuanzia.

Basi nikaandika habari za watu wasioweza kunikaripia.

Nisamehe.

Gundi


Tarehe 2 Agosti

Dada,

Shikamoo. Sijapata barua yako tangu ile ya Mei, na najua posta haina kosa.

Huku ni salama. Maktaba wameniruhusu nishonee vitabu nyumbani kwa muda. Nimeweka meza karibu na dirisha la mashariki, na chini yake kile kikapu kikubwa cha vipande vya karatasi. Asubuhi jua huingia moja kwa moja ndani ya kikapu likakaa humo, na mimi nasahau kazi, natazama tu. Hata sindano nimeipoteza mara mbili.

Usishangae mwandiko. Karatasi inanikimbia, mkono wa kushoto una kazi nyingine.

Wifi yako anakusalimu. Amenikataza kuandika zaidi ya hapa.

Mdogo wako,
Gundi


Tarehe 23 Agosti

Gundi,

Marahaba. Sasa nisikilize.

Machi uliniambia mwezi wa tano. Nimefua nguo za hoteli miaka ishirini na sita. Mgeni amelala siku ngapi, amelala peke yake au la, ameumwa au mzima, vyote navisoma kwenye shuka. Hesabu ya miezi minne haiwezi kunishinda. Mtoto alitakiwa awepo Julai. Leo Agosti inakwisha, na wewe unaniandikia habari za jua na vikapu.

Siku nne sijala vizuri. Mzee mpiga pasi ameniambia nimeunguza foronya mbili, jambo ambalo hajaliona tangu anijue, na kwamba kama nina mgonjwa mahali niende nikamwone.

Mkono wako wa kushoto umebeba nini? Kama mtoto amefariki, niambie. Mimi si mgeni wa habari hiyo, na sitaki kufichwa na mtu niliyemfundisha kufunga vifungo. Kama yuko hai, niambie anaitwa nani.

Dada yako


Tarehe 10 Septemba

Dada,

Yuko hai. Naliandika hilo kwanza, shikamoo itafuata. Yuko hai, ni mzima, ana mashavu, na sasa hivi amelala ndani ya kikapu cha karatasi juu ya blanketi, ana soksi za manjano. Shikamoo.

Alizaliwa tarehe 6 Julai, saa nne asubuhi. Ni msichana. Wifi yako alinitazama kwa lile jicho la “nilikuambia”, akalala usingizi.

Hana jina. Kwenye kadi ya kliniki pameandikwa “mtoto wa kike”, na chini jina langu. Nesi amechoka. Mara ya tatu aliweka kalamu mezani akaniuliza, “Baba, huyu mtamwita nini, au mnasubiri ajichagulie mwenyewe?” Watu wote waliokuwa foleni walicheka, na mimi nikacheka nao, kisha nikatoka nje nikasimama kidogo. Majirani wanamwita Mgeni. Wifi yako anamwita Wewe. Mimi simwiti, nambeba tu.

Usidhani hatukujaribu. Wifi yako alisema majina ni mengi, tusimkalie mtu kooni. Mchana mmoja tukakaa sebuleni tukamwita majina, moja baada ya jingine, mazuri kabisa. Alitutazama kama mtu anayesikia mazungumzo ya chumba cha pili. Labda ni mimi niliyetaka iwe hivyo. Wifi yako anasema mtoto wa wiki tatu hutazama hivyo hata ukimwita Sufuria.

Sikukuambia kwa sababu ungejiona umebanwa. Kumkatalia mtoto ambaye hajazaliwa ni rahisi. Huyu amezaliwa, ana kucha. Nilitaka jibu lako liwe lako, lisiwe limeng’olewa na mtoto. Lakini sasa naona kwamba nimekutia hofu ya jambo lile lile uliloliogopa kuliko yote, na hilo ni kosa langu la pili mwaka huu, nalo ni kubwa kuliko la kwanza.

Msajili wa vizazi ametupa mpaka mwisho wa Oktoba. Ukisema hapana, tutachagua jingine siku hiyo hiyo, tutalipenda, na sitakuwa na kinyongo. Ila sema, Dada. Kimya chetu wewe na mimi tumekizoea. Yeye ndiyo kwanza amefika.

Mdogo wako,
Gundi


Tarehe 29 Septemba

Mdogo wangu, na wifi, na wewe uliye kwenye kikapu,

Marahaba wote. Wifi, hongera, na pole kwa kuishi na mdogo wangu. Asante, Gundi, kwa kuanza na “yuko hai”. Sikuendelea kusoma mpaka nilipotoka nje nikanawa uso. Mzee mpiga pasi aliponiona akauliza ni msiba au ni furaha, nikamwambia nimekuwa shangazi. Akasema hayo ni yote mawili.

Nikueleze kilichonizuia, usije ukadhani ni choyo. Kila siku saa kumi jioni nikifunga madirisha ya chumba cha kukaushia, huwa namwita. Nasema tu, “Debora, twende.” Kisha nachukua mkoba. Sitegemei aitike, sijachanganyikiwa. Ila viatu vyake nimevigawa, na kitanda chake anakilalia mpangaji, na sauti yake, Gundi, kuna siku naitafuta siipati. Jina tu ndilo limebaki lake peke yake. Niliogopa kwamba nikikupa, siku moja nitaita dirishani na mawazo yangu yatakimbilia kwako, kwa mtoto mwenye mashavu, na wangu atabaki amesimama.

Kijitabu nimekifungua tena. Zile kurasa nne nimezijaza. Sina mwandiko wa Jumapili. Nimeandika kwamba alikuwa akihesabu shuka kwa sauti hata zikiwa mbili. Kwamba alikusanya makombo ya mkate mezani kwa kidole alicholowesha, wageni wakiwepo au wasiwepo. Kwamba aliogopa lifti, akapanda ngazi orofa tano na kapu kichwani, na akiulizwa anasema ni mazoezi. Kwamba siku yake ya kwanza kazini alipiga pasi kola ya meneja ikatoka na alama ya pasi kama jani, na mzee mpiga pasi akajitwika kosa, akasema ni yeye. Kicheko cha mdomo uliofungwa nimekiandika pia, hicho umekiona sawasawa. Nilifikiri kurasa nne hazitatosha. Zimetosha, na nusu ukurasa umebaki, na hilo limeniliza kuliko yote.

Na lile la siku ya tatu liache sasa. Siku mbili za kwanza nyumba ilijaa watu na sikumwona hata mmoja. Wa kwanza niliyemwona ni wewe, mlangoni, na begi lako limefungwa kwa uzi wa vitabu.

Mpeni. Mwiteni Debora. Silitoi la mwamuzi wala la askari, ingawa siku wakitaka kumsaidia siwakatazi. Nawapa la mwanangu, na nalitoa kwa hiari yangu. Nendeni kwa msajili hata leo, na wifi ndiye alitamke, wewe utajikwaa.

Ukiniandikia, andika Debora tu, nitajua ni huyo wenu. Wangu nitamwita Debora mkubwa. Lilinijia hivyo jana nikiwa dirishani. Sikulipenda, nikalisema tena, nikalizoea kidogo. Ila nimefanya hesabu, unanijua. Mkubwa wetu aliishia miaka kumi na tisa. Huyu mdogo, Mungu akimpa, atafika huko, na asubuhi moja ataamka ana ishirini, atakuwa amempita. Siku hiyo labda mimi sipo. Labda ataona vibaya, kama mtoto aliyeketi kula kabla ya mkubwa wake. Mwambie shangazi yake alisema aendelee tu.

Dada yako